Tarehe ya ukurasa si tarehe ya bei

Mfanyabiashara wa mchele kutoka Gitambi, wilayani Rusizi (zamani Cyangugu), anapofungua tovuti ya bei kabla ya kuvuka kwenda Bukavu, huona tarehe ya leo juu ya ukurasa na bei chini yake. Vitu hivyo viwili vinaweza kuwa vimetoka mahali tofauti, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kurasa nyingi za namna hii haziandikwi upya kila siku. Fundi hutengeneza ukurasa mmoja na kuacha ndani yake agizo. Msomaji anapoufungua, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, husoma agizo hilo, huendesha programu ndogo na kuweka jibu lake mahali pale pale kabla ya kumpelekea msomaji ukurasa. Njia hii ni ya tangu miaka ya 1990 na bado imo katika seva ya Apache. Agizo huandikwa hivi:

<!--#include virtual="/cgi-bin/bei.cgi" -->

Faida yake ni kwamba bei hubadilishwa katika faili moja tu, na kurasa zote hufuata.

Tarehe ya juu, hata hivyo, mara nyingi huletwa na agizo jingine:

<!--#echo var="DATE_LOCAL" -->

Agizo hili hutoa saa ya seva wakati ukurasa unapofunguliwa. Halijui lolote kuhusu bei. Ikiwa bei iliingizwa mara ya mwisho Ijumaa, Jumatatu ukurasa utaonyesha tarehe ya Jumatatu na bei ya Ijumaa, na hakuna kosa litakaloonekana. Kwa mfano, bei ikiwa imeshuka kwa faranga 30 kwa kilo, mwenye magunia 20 ya kilo 50 atapungukiwa faranga 30,000, na lori limekwisha kulipwa.

Mwenye tovuti anaweza kutumia agizo la tatu, linaloonyesha faili ya bei ilibadilishwa lini:

<!--#flastmod virtual="/bei/mchele.txt" -->

Bora zaidi, programu yenyewe iandike jina la soko na siku bei ilipochukuliwa.

Kwa mfanyabiashara na msafirishaji, kanuni ni moja: tafuta tarehe iliyo kando ya bei yenyewe. Isipokuwepo, piga simu sokoni kabla ya kupakia.