Mitandao ya sarafu za kidijitali: mwandishi wa Kisumu hulipwa na nani?

Vijana wa Kisumu, kama wenzao wa Mombasa na Lamu, wamechoka kuambiwa kwamba Facebook inawala jasho bure. Dawa wanayopewa ni mitandao ya kijamii inayolipa kwa sarafu za kidijitali: andika makala, weka picha ya machweo pale Dunga, na kila anayeipenda atakutilia senti. Maneno hayo si uongo. Kinachoachwa nje ni nani anayeamua senti hizo ziwe ngapi.

Tuchukue Steemit, uliofunguliwa 2016, pamoja na Hive uliozaliwa kutoka kwake. Kila siku programu huzalisha sarafu mpya, na sehemu kubwa hutiwa katika chungu kimoja cha kugawiwa waandishi na wasomaji wanaowapigia kura. Thamani ya sarafu hizo hutoka kwa watu walio tayari kuzinunua sokoni. Wakiondoka hao, chungu hubaki kimejaa vitu visivyonunua hata gorogoro moja ya omena. Januari 2018 sarafu moja ya STEEM ilipita dola 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya nusu dola.

Kura nazo hazilingani. Uzito wa kura yako hutegemea sarafu ulizozifungia ndani ya mtandao. Mvuvi wa Dunga au Usenge hahitaji kufundishwa jambo hili, na sisi wa baharini pia twalijua: chombo kikifika nchi kavu, mwenye mashua na nyavu huchukua fungu lake hata kama usiku kucha alilala kwake, kisha mabaharia wagawane linalobaki. Tofauti ni kwamba mtandaoni mwenye mashua ndiye pia anayeamua baharia yupi alivua vizuri.

Kwa hiyo mwandishi wa Kondele anaweza kuwa na wasomaji mia tano wa kweli, wote hawana sarafu, na asipate kitu cha maana. Mwenzake akapigiwa kura moja na tajiri mmoja akamshinda. Hadi katikati ya 2017 mambo yalikuwa makali zaidi, kwani hesabu ilifanywa kwa mraba: mwenye sarafu mara kumi aliweza kutoa malipo mara mia. Kanuni hiyo iliondolewa, lakini ikazuka biashara ya kuuza kura, mwandishi akilipa kwanza ili aonekane.

Mwaka 2020 ulionyesha mwenye mashua ni nani hasa. Februari kampuni ya Steemit ilinunuliwa na Justin Sun wa Tron, pamoja na shehena ya sarafu ambayo kampuni ilijichimbia mwanzoni, kabla ya watu wengi kuingia. Machi, masoko makubwa ya sarafu, Binance na Huobi yakiwamo, yalimpigia kura kwa kutumia sarafu zilizowekwa na wateja wao. Wanachama waliokasirika walihama tarehe 20 Machi wakaanzisha Hive. Mei, sarafu zaidi ya milioni 23 za wapinzani waliobaki nazo katika Steem zilitwaliwa kwa kubadilisha programu tu.

Hive wana uwazi, hilo nawapa: kila kura na kila malipo yanaonekana na yeyote. Lakini kuona mizani haikupi uzito. Tena, kwa kawaida nusu ya malipo hufungwa ndani kama nguvu ya kura, na ukitaka kuitoa hutolewa kidogo kidogo kwa wiki 13. Karo ya shule haingoji wiki 13. Kisha utafute mnunuzi wa kukutumia shilingi kwa M-Pesa, naye ana bei yake.

Serikali nayo ilikuwa na fungu lake. Kuanzia Septemba 2023 ilikata asilimia 3 ya thamani yote ya sarafu iliyohamishwa, upate faida usipate. Kodi hiyo ilifutwa 2025, na badala yake ushuru wa asilimia 10 ukawekwa juu ya ada za wanaofanya biashara ya kubadilisha. Oktoba mwaka huohuo rais alitia saini sheria inayowataka wafanyabiashara hao wawe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo inamlinda kijana wa Kisumu pale anapouza sarafu zake. Uzito wa kura zilizomletea sarafu hizo haiugusi.