Kufomati Sehemu ya Diski kwa CD ya Linux Kabla ya Kuuza Kompyuta

Watu wengi wanaouza kompyuta iliyotumika hufuta mafaili yao, kisha huikabidhi kwa mnunuzi wakiamini kwamba humo hamkubaki kitu. Imani hiyo si sahihi. Kufuta faili huondoa tu kumbukumbu yake katika orodha ambayo mfumo huitumia kutafutia mafaili. Yaliyomo aghalabu hubaki palepale mpaka nafasi hiyo iandikwe kitu kingine. Nakala za vitambulisho, hati za kiwanja na taarifa za benki zaweza kurejeshwa kwa programu zinazopatikana bure.

Windows haikubali kufomati sehemu ya diski ambayo yenyewe imo, kama vile fundi asivyoweza kung'oa sakafu aliyosimama juu yake. Ndiyo maana tunapendekeza CD ya Linux inayowasha kompyuta bila kusakinishwa: mfumo wote hufanya kazi katika kumbukumbu ya muda, na diski hubaki huru. Kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kuingizia CD, hivyo flashi hutumika badala yake. Kumbuka kwamba flashi hiyo itafutwa yote wakati wa kuitayarisha.

Hamisha kwanza unavyovihitaji, na uhakikishe kwamba nakala zinafunguka kwenye kompyuta nyingine. Kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea mtengenezaji, uchague CD au flashi. Ukiulizwa kujaribu au kusakinisha, chagua kujaribu. Fungua programu ya GParted.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Linux haitumii herufi C na D kama Windows. Diski huitwa sda, sdb na kuendelea, na sehemu zake sda1, sda2. Diski za kisasa zaidi huitwa nvme0n1. Flashi uliyowashia nayo imo katika orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo, chomoa kila diski ya nje usiyoihitaji, na uitambue unayoitaka kwa ukubwa wake. Usishtuke diski iliyouzwa kuwa ya GB 500 ikionekana kuwa na takriban 465: mtengenezaji huhesabu kwa 1000, ilhali programu huhesabu kwa 1024.

Sehemu yenye alama ya kufuli inatumika. Iachishe kwanza kupitia menyu yake. Kisha chagua aina ya fomati. NTFS huifaa Windows, na ext4 huifaa Linux. FAT32 husomwa karibu kila mahali, lakini haipokei faili linalofikia GB 4. GParted haitendi lolote mpaka ubofye alama ya kuthibitisha, basi soma tena jina la sehemu kabla ya kubofya.

Hata hivyo, fomati ya namna hii huandika orodha mpya tu. Data za zamani hazijaondoka. Anayefomati kwa matumizi yake mwenyewe hana haja ya zaidi. Anayeuza aanze na amri ya shred, ambayo huandika data za ovyo juu ya diski nzima. Kama diski ni sda, amri ni hii:

sudo shred -v -n 1 /dev/sda

Mzunguko mmoja watosha, ingawa huweza kuchukua saa kadhaa. Ukimalizika, tengeneza jedwali jipya la sehemu kwa GParted, kisha ufomati. Kwa diski za SSD amri hiyo haitegemeki, kwa sababu diski yenyewe huhamishahamisha data bila mfumo kujua. Tumia programu ya ufutaji salama ya mtengenezaji wake.

Ukimpa fundi kazi hii, kaa naye mpaka aimalize. Mnunuzi naye aelezwe kwamba kompyuta haina tena mfumo wowote ndani yake, ili bei mtakayokubaliana izingatie gharama ya kuusakinisha. Diski iliyoharibika kiasi cha kutoandikika iondolewe na kuvunjwa, isiuzwe pamoja na kompyuta.