Mawe ya Wahenga (4): Handaki la Stonehenge limekwama kwa ukata, si kwa heshima

Sehemu ya tatu ya mfululizo huu iliishia na ahadi kwamba leo tungehamia Zimbabwe Kuu. Safari hiyo itasubiri juma moja. Ndani ya wiki tatu za mwaka 2024 zilitoka habari mbili kuhusu Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza, nami niliyeyapenda mawe yale tangu nilipoyaona kwenye kitabu cha historia nikiwa sekondari siwezi kuzipita kimya.

Ya kwanza ni ya tarehe 29 Julai 2024. Rachel Reeves, aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alisimama bungeni akatangaza kwamba serikali haitagharimia tena handaki la barabara ya A303 lililokusudiwa kupita jirani na mawe. Ya pili ni ya tarehe 14 Agosti mwaka huohuo. Jarida la Nature lilichapisha utafiti unaoonyesha kwamba Jiwe la Madhabahu, lile lililolala katikati ya duara, halikutoka Wales kama vitabu vilivyofundisha kwa karne nzima. Limetoka kaskazini mashariki mwa Scotland.

Magazeti mengi yameziandika habari hizi kila moja kivyake, moja kwenye ukurasa wa uchumi na nyingine kwenye ukurasa wa sayansi. Mimi naona zinahusu swali moja: Stonehenge inaanzia wapi na inaishia wapi? Tangu miaka ya 1990, wapangaji wa barabara wamelijibu kana kwamba Stonehenge ni mawe tu, ukiyafichia magari basi umeyahifadhi. Jiwe la Madhabahu limetoa jibu jingine kabisa.

Tulitazame kwanza jiwe lenyewe. Lina urefu wa mita 5 hivi na uzito wa tani 6, nalo limelaliwa na mawe mengine mawili yaliyoanguka juu yake, kiasi kwamba wageni wengi hupita bila kulitambua. Watafiti, wakiongozwa na Anthony Clarke, kijana wa Wales aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Curtin nchini Australia, walichukua vipande vyake vidogo wakapima umri wa chembechembe za madini zilizomo. Kila mwamba una mchanganyiko wake wa umri wa chembe hizo, na mchanganyiko wa jiwe hili umelingana na miamba ya Bonde la Orcadia, lililoko kaskazini mashariki mwa Scotland. Umbali wake ni kilomita 700 au zaidi, karibu sawa na barabara ya Dar es Salaam hadi Singida. Watu wa zama hizo hawakuwa na gurudumu wala farasi wa kukokota. Kama walilipitisha baharini au nchi kavu bado wataalamu wanabishana, lakini jambo moja halina ubishi: hakuna anayehangaika na tani 6 kwa umbali huo ili apate jiwe tu, maana mawe yalikuwepo karibu.

Nayo yale makubwa, ya sarseni, tulipata kujua kwao mwaka 2020 tu, kwa kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya mahali hapa. Mwaka 1958 mafundi waliokuwa wakiimarisha jiwe nambari 58 lililopasuka walilitoboa na kupitisha vyuma ndani yake. Keekee ilipotoka ilitoa na kiini cha jiwe, mche mwembamba wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Fundi mmoja aliuomba, akauhifadhi, akahamia nao Marekani. Miaka 60 baadaye, akiwa amekaribia umri wa miaka 90, aliurudisha Uingereza kwa hiari yake. Kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kuyatoboa mawe leo, mche ule ndio uliowawezesha wanasayansi kulipima jiwe kutoka ndani. Ikabainika kwamba sarseni 50 kati ya 52 zilizobaki zinafanana, na chanzo chake ni West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini. Hebu fikiria: fundi wa kutoboa mawe alielewa thamani ya masalio kuliko mawaziri wawili nitakaowataja punde.

Kwa hiyo tuna mawe kutoka pande tatu: sarseni za jirani, mawe ya buluu kutoka vilima vya Preseli huko Wales, na sasa hili la Scotland. Wasomaji kadhaa waliniandikia baada ya sehemu ya pili wakiuliza kwa nini watu walijitesa hivyo. Jibu linalonishawishi mimi halikutoka Oxford wala Cambridge. Lilitoka kwa jirani yetu, ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji.

Mwaka 1998 mwanaakiolojia wa Madagascar, Ramilisonina, aliletwa Stonehenge na mwenzake wa Uingereza, Mike Parker Pearson, aliyekuwa akifanya naye kazi kusini mwa kisiwa hicho. Mwingereza alimwuliza mwenziwe anaonaje. Ramilisonina alishangaa kwamba watu wamebishana karne kadhaa juu ya jambo lililo wazi. Kwao, mti ni wa walio hai, kwa sababu mti huoza kama mwili unavyooza. Jiwe ni la wahenga, kwa sababu halifi. Mahali palipojengwa kwa mawe ni pa waliotangulia. Wote wawili waliiandika hoja hiyo mwaka uleule katika jarida la Antiquity, na baadhi ya wasomi wa Uingereza walichukizwa kwamba desturi za Madagascar zinatumika kueleza mambo ya kwao ya kale.

Msomaji wa Bagamoyo hatachukizwa. Nenda Kaole ukaangalie kilichobaki: misikiti na makaburi yenye nguzo, vyote vya mawe. Nyumba za miti na udongo walimokaa watu wa kawaida wa mji ule zimekwenda zamani.

Parker Pearson hakuishia kwenye hoja. Alisema, kama duara la mawe ni la wafu, basi jirani lazima pawepo mahali pa walio hai, pa miti. Kati ya 2003 na 2009 kikosi chake kilichimba Durrington Walls, kilomita 3 hivi kutoka kwenye mawe, penye maduara ya nguzo za miti yaliyojulikana tangu zamani. Wakapata nyumba. Zilikuwa za mraba, zenye upana wa mita 5 hivi, sakafu ya chokaa iliyosiribwa, meko katikati, na alama sakafuni, kando ya kuta, za mahali palipokuwa na kitanda na kabati. Kando ya meko moja sakafu ilikuwa na vishimo viwili, na wachimbaji wanaamini vilitokana na magoti ya mtu aliyekuwa akipiga magoti hapo kila siku kuchochea moto na kupika. Miaka 4,500 imepita na magoti yake yapo.

Mifupa ya nguruwe waliochinjwa ilirundikana pale kwa maelfu. Meno yake yanaonyesha kuwa wengi walichinjwa katikati ya majira ya baridi, na vipimo vya kemia vinaonyesha kuwa baadhi yao walikulia mbali sana, pengine hata Scotland. Watu walikuja kutoka kila pembe ya kisiwa wakiswaga mifugo yao, wakala karamu Durrington, kisha njia ikawachukua hadi mto Avon, mto ukawashusha hadi mwanzo wa njia ya kale iitwayo Barabara Kuu, nayo ikawapandisha kilomita karibu 3 hadi kwenye mawe, kwa wafu wao. Wafu hao walikuwepo kweli: majivu na mifupa iliyochomwa ya watu 60 na zaidi imefukuliwa ndani ya duara, na utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa kati ya watu 25 waliopimwa, angalau 10 hawakuishi maisha yao hapo, pengine walitoka Wales, kule kulikotoka mawe ya buluu.

Wapo wataalamu wasiokubaliana na sehemu za maelezo haya. Lakini hata wao hawakatai kwamba duara, mto, njia, vilima vya makaburi na mabonde yaliyo katikati vilitumika pamoja. Hicho ndicho Unesco ilichokiandikisha mwaka 1986: si mawe peke yake, bali eneo zima la kilomita za mraba 26 hivi, pamoja na Avebury kaskazini yake.

Na udongo nao ni kumbukumbu. Mwaka 1877 Charles Darwin, mzee wa miaka 68, alikwenda Stonehenge kuchunguza minyoo ya ardhini. Alichimba kando ya mawe yaliyoanguka akaona jinsi minyoo, kwa kupandisha udongo juu kidogo kidogo, ilivyoyazamisha. Alichokigundua kinawahusu wajenzi wa barabara moja kwa moja: vitu walivyoangusha watu wa kale vimefunikwa ndani ya sentimita chache za udongo wa juu, uleule ambao tingatinga huuparua kwanza kabla kazi haijaanza. Kwa mpango wa handaki, ni sehemu tu ya udongo huo ambayo ingechekechwa.

Nafasi inanibana, hivyo nieleze mpango wenyewe kwa ufupi. A303 inatoka upande wa London kwenda kusini magharibi, na inapita mita 165 hivi kutoka kwenye mawe ikiwa na njia moja tu kila upande. Siku za likizo foleni hukaa saa nyingi, na wakazi wa kijiji cha Winterbourne Stoke wana malori mlangoni usiku na mchana. Shida yao ni ya kweli na haifai kubezwa. Serikali ikapanga kujenga kilomita karibu 13 za njia mbilimbili, kilomita 3.3 kati yake zikiwa ndani ya handaki. English Heritage na National Trust waliunga mkono, kwa hoja kwamba magari yangetoweka mbele ya mawe. Kasoro ni kwamba eneo la urithi lina upana wa zaidi ya kilomita 5 pale barabara inapopita. Handaki lingekuwa fupi kuliko kitu linachokihifadhi, na midomo yake, pamoja na makorongo ya barabara yaliyochimbwa kuifikia, ingekatwa ndani ya eneo lenyewe.

Wananchi wakakataa. Zaidi ya 200,000 walitia saini kulipinga handaki, mwanahistoria Tom Holland akiwa mstari wa mbele. Wakaguzi wa serikali yenyewe walishauri kibali kisitolewe kwa kuwa madhara yangekuwa ya kudumu, lakini Waziri wa Uchukuzi Grant Shapps akakitoa Novemba 2020. Julai 2021 Jaji Holgate wa Mahakama Kuu alikifuta, kwa sababu waziri hakupima ipasavyo athari kwa kila masalio wala hakutazama njia mbadala, kama handaki refu zaidi. Mwezi huohuo Unesco iliifuta Liverpool katika orodha ya urithi wa dunia, baada ya hifadhi ya choroa nchini Oman mwaka 2007 na bonde la Dresden mwaka 2009, ambalo lilipotea kwa ajili ya daraja moja. Onyo halikusikika. Julai 2023 Waziri Mark Harper akatoa kibali upya, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya wapinzani.

Sisi tuna haki ya kulisemea hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977, miaka saba kabla ya Uingereza, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha iliamua kwamba barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ingevunja sheria za jumuiya. Tulilalamika kwamba wakubwa wanatufundisha namna ya kutunza vyetu. Basi na wao wakifundishwa wasilalamike.

Kinachonikera ni sababu iliyoliua handaki. Gharama ilikuwa imepanda kutoka pauni bilioni 1.7 hadi makisio ya bilioni 2.5, na Bi. Reeves alisema hazina haikuwa na fedha hizo. Amefanya sawa, lakini hakusema kwamba pale ni mahali pa wafu, wala kwamba watu waliburuta jiwe kutoka ncha ya kisiwa ili liwekwe pale. Taifa linalowaacha wahenga wake salama kwa kuwa mfuko ni mtupu litawafukua mfuko ukijaa. Fedha hurudi. Bonde likishakatwa halirudi, na sakafu yenye alama za magoti haisiribwi mara ya pili.

Bi. Reeves alipotoa tangazo lake mwaka 2024, kibali cha Julai 2023 kilikuwa bado hakijafutwa, na rufaa ya wapinzani ilikuwa haijaamuliwa. Serikali yoyote ambayo ingepata fedha kabla muda wa kibali haujaisha ingeweza kulifufua handaki bila kuanza upya. Makala haya husomwa pia na ndugu zetu walioko London, Reading na Leicester. Raia wa Tanzania, Kenya au Uganda anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura ya ubunge huko, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, na kila mwenye kura ana mbunge wa kumwandikia. Nawaomba mwandike barua fupi yenye ombi moja, kwamba kibali kile, kama bado kipo, kifutwe kisheria.