Gari Linaloinama Usiku: Kutafuta Hitilafu katika Springi za Hewa

Gari aina ya Range Rover, lililoundwa katika miaka ya tisini, limeegeshwa jioni likiwa limesimama sawasawa juu ya magurudumu yake manne. Alfajiri mwenyewe anapotoka nje analikuta limelala chini, matairi yamemezwa na madigadi, mithili ya ng'ombe aliyepiga magoti. Anapowasha injini, kompresa ndogo huanza kunguruma, na baada ya dakika kadhaa gari hunyanyuka tena polepole. Fundi aitwapo, husikiliza mngurumo huo, hutikisa kichwa na kutoa hukumu: kompresa imechoka. Kompresa mpya hununuliwa kwa gharama kubwa. Miezi michache baadaye nayo huungua, na gari bado hulala kila usiku.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida, na si kwa sababu mafundi ni wavivu. Sababu ni kwamba mfumo wa springi za hewa una tabia ya kuficha ugonjwa wake. Makala haya yaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, na jinsi kanuni chache za fizikia zifundishwazo katika shule za sekondari zinavyoweza kumwongoza mchunguzi mpaka kwenye chanzo cha hitilafu.

Hewa ibebayo mzigo

Magari mengi hubebwa na springi za chuma. Range Rover ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1970, ilikuwa na springi za chuma za msokoto. Mnamo mwaka 1992 baadhi ya magari hayo yalianza kuwekewa springi za hewa zinazoongozwa kwa elektroniki, na aina ya pili ya gari hilo, iliyotolewa mwaka 1994, iliendelea na mfumo uo huo. Magari ya aina hizi mbili sasa ni makongwe, na yaliyobaki yanapita kutoka mkono hadi mkono, yakiwamo yaliyofika Afrika Mashariki.

Springi ya hewa ni mfuko wa mpira mzito ulioimarishwa kwa nyuzi, ambao hukaa baina ya ekseli na fremu ya gari. Ndani yake mna hewa iliyobanwa. Kama ijulikanavyo, kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Chukulia kwamba gurudumu moja hubeba mzigo wa kilo 500, yaani kani ya nyutoni 5,000 hivi, na kwamba mfuko una kipenyo cha sentimita 12. Eneo lake ni kiasi cha sentimita mraba 113. Basi kanieneo ya hewa ndani ya mfuko haina budi kuwa zaidi kidogo ya kilopaskali 440, ambayo ni kama mara mbili ya kanieneo iliyomo katika tairi la gari dogo. Hewa ikipungua, mfuko hujikunja na gari hushuka. Ikiongezwa, gari hupanda.

Viungo vya mfumo

Mfumo una viungo sita vikuu. Cha kwanza ni kompresa ya umeme. Cha pili ni kikaushio, yaani kopo lenye chembechembe zinazofyonza unyevu. Cha tatu ni tangi la akiba: kompresa huwaka pale kanieneo ya tangi inaposhuka hadi kiasi cha kilopaskali 750, na huzimika inapofikia kilopaskali 1,000 hivi. Cha nne ni kisanduku cha vali, kinachogawa hewa kwa kila mfuko kupitia mirija ya nailoni yenye unene wa milimita 6. Cha tano ni mifuko minne yenyewe. Cha sita ni vitambuzi vinne vya kimo, kimoja kwa kila gurudumu, vinavyopeleka habari kwa kompyuta ndogo ya mfumo. Kompyuta husoma kimo cha kila pembe ya gari, kisha huamuru vali zifunguke ili kuongeza hewa au kuitoa.

Msaada unaoficha ushahidi

Hapa ndipo penye fumbo. Wahandisi waliounda mfumo huu hawakutaka gari lililoegeshwa lionekane limepinda. Kwa hiyo waliipa kompyuta kazi moja ya ziada: kila baada ya saa sita hivi, hata kama gari limezimwa, kompyuta huamka, hupima pembe zote nne, na endapo pembe moja imeshuka, huzishusha nyingine tatu zilingane nayo. Hewa ya mifuko mizima hutolewa kwa makusudi ili gari lisimame sawa.

Matokeo yake ni kwamba tundu dogo katika mfuko mmoja huonekana asubuhi kama udhaifu wa mifuko yote minne. Mwenye kulitazama gari hudhani kwamba hitilafu ni ya viungo vinavyotumiwa na mifuko yote, na kiungo cha kwanza kushukiwa ni kompresa. Kumbe dalili imeenezwa mwili mzima na chombo kilekile kilichokusudiwa kusaidia. Hatua ya kwanza ya uchunguzi, basi, ni kukizuia chombo hicho kwa muda. Hufanyika kwa kuchomoa relei inayoipa kompyuta ya mfumo umeme, baada ya gari kuegeshwa na kuzimwa.

Jaribio la usiku mmoja

Gari huegeshwa mahali tambarare. Kwa kila gurudumu hupimwa umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Kipimo kisianzie ardhini, kwa kuwa tairi lenye pancha laweza kumdanganya mpimaji. Vipimo huandikwa jioni, na hurudiwa alfajiri. Mfano ufuatao, uliorahisishwa kwa ajili ya mafunzo, waonyesha tofauti iliyopo.

Jioni: pembe zote nne, sentimita 47.
Alfajiri ya kwanza, kompyuta ikiwa kazini: pembe zote nne, sentimita 41.
Alfajiri ya pili, relei ikiwa imechomolewa: mbele kushoto, sentimita 40, mbele kulia, 46, nyuma kushoto, 46, nyuma kulia, 46.

Alfajiri ya kwanza haikumwambia mchunguzi lolote. Alfajiri ya pili imemwonyesha pembe yenye ugonjwa bila kutumia hata senti moja.

Baridi si tundu

Mwanafunzi makini atauliza: mbona hata pembe tatu nzima zimeshuka kwa sentimita moja? Jibu lipo katika kanuni ya Charles. Mzigo wa gari haubadiliki usiku, kwa hiyo kanieneo ndani ya mfuko pia haibadiliki. Lakini halijoto hushuka, na ujazo wa gesi hupungua kwa uwiano na halijoto halisi. Katika nyanda za juu, hewa iliyokuwa na nyuzi 30 za Selsiasi jioni yaweza kuwa na nyuzi 15 alfajiri. Kwa kipimo cha Kelvini ni kutoka 303 hadi 288, yaani upungufu wa karibu asilimia 5. Ikiwa kimo cha hewa ndani ya mfuko ni sentimita 20, upungufu huo ni sentimita moja.

Kwa hiyo gari linaloshuka kidogo, kwa usawa, katika usiku wa baridi si gonjwa. Ugonjwa wa pembe ya mbele kushoto si sentimita 7, bali 6. Asiyeijua kanuni hii aweza kubadilisha mifuko minne mizima kwa kosa la hali ya hewa.

Sabuni na vali ya tairi

Pembe ikishajulikana, hutafutwa mahali hasa panapovuja. Povu la sabuni hupakwa juu ya mfuko, juu ya kiungo cha mrija na kuzunguka kisanduku cha vali. Mpira huchakaa zaidi pale unapojikunja kila siku, na ufa mwingine hufunguka gari likiwa katika kimo fulani tu. Kwa sababu hiyo yafaa kurudia kipimo cha povu gari likiwa juu na likiwa chini.

Lakini huenda povu lisionyeshe kitu. Hewa yaweza kupotea ndani ya kisanduku cha vali, kupitia vipete vya mpira vilivyokauka kwa miaka mingi, na mapovu yasionekane penye mfuko. Ili kutofautisha mambo haya mawili, hewa ya pembe ile hutolewa kwanza kwa taratibu, fremu ikiwa juu ya stendi. Kisha mrija hutenganishwa na kisanduku, na mwisho wake hufungwa vali ya kawaida ya tairi. Mfuko hujazwa hewa kama ajazavyo mtu tairi, gari hushushwa kutoka kwenye stendi, na relei hubaki imechomolewa usiku kucha. Pembe ikishuka tena, kosa ni la mfuko au mrija wake. Ikisimama imara, kosa ni la kisanduku cha vali, ambacho aghalabu huhitaji vipete vipya tu. Kitu kimoja kimebadilishwa, vingine vyote vimeachwa vilevile. Na huo ndio msingi wa jaribio lolote la kisayansi.

Kompresa: mshtakiwa asiye na hatia

Sasa yaweza kueleweka kwa nini kompresa hufa mara mbili. Kompresa hii iliundwa ifanye kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika. Hewa ikibanwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyegusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Penye tundu, kompresa hupiga kazi muda mrefu, joto huzidi, na ufito wa pistoni huchakaa. Ipo swichi ya kuizima inapopata joto kupita kiasi, lakini hiyo haizuii uchakavu. Kuweka kompresa mpya juu ya tundu la zamani ni kuandaa kifo cha pili. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Unyevu nao una sehemu yake, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba kiasi cha gramu 24 za mvuke wa maji. Hewa hiyo ikibanwa hadi sehemu ya kumi ya ujazo wake, kisha ikapoa tena hadi nyuzi 30, yaweza kushika gramu 3 tu za mvuke. Gramu 21 zilizobaki hugeuka maji. Kazi ya kikaushio ni kuyafyonza, na hewa itolewayo wakati gari linaposhuka hupitishwa humo ili iuchukue unyevu na kuurudisha nje. Lakini hewa inayovujia kwenye tundu haipiti tena katika kikaushio. Hivyo kadiri mfumo unavyovuja, ndivyo kikaushio kinavyolemewa, na maji hufika kwenye vali na kuziozesha.

Pale ambapo gari halivuji

Kuna hitilafu nyingine isiyohusu hewa. Gari husimama imara usiku kucha, lakini likiwa barabarani hupanda na kushuka bila sababu, au ubao wa mbele humwonya dereva asizidi maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56 hivi. Hapa washukiwa ni vitambuzi vya kimo. Kila kimoja kina mkono unaoteleza juu ya njia ya ukinzani na kubadilisha volti. Njia hiyo huchakaa katikati, kwa kuwa ndipo mkono unapokaa siku zote. Mkono ukisogezwa taratibu huku volti ikisomwa kwa mita, namba yapasa kubadilika kidogo kidogo bila kuruka. Ikiruka, kitambuzi kimechakaa. Hata kabla ya hapo, yafaa kupima betri na fyuzi, kwani umeme dhaifu huleta dalili nyingi za uongo.

Tahadhari

Jambo moja halina mjadala. Mtu asiingize kichwa wala mkono chini ya gari linalobebwa na hewa au jeki peke yake. Mfuko ukipasuka, au kompyuta ikiamka na kufungua vali, nafasi iliyopo kati ya fremu na ekseli hufungwa kwa uzito wa mamia ya kilo, bila kumpa mtu nafasi ya kujitoa. Fremu iwekwe juu ya stendi za chuma, na mrija wowote usifunguliwe kabla hewa yake haijatolewa.

Hitimisho

Wenye magari wengi, baada ya kuchoshwa na gharama, huamua kuondoa hewa na kurudisha springi za chuma. Uamuzi huo waweza kuwa wa busara, lakini uwe tunda la kujua, si la kukata tamaa. Kwa walimu, gari bovu lililo nje ya karakana ni maabara kamili: lina kanuni za gesi, kanieneo, mvuke na umeme. Zaidi ya hayo, lina somo lisiloandikwa katika mtaala wowote. Chombo kinachojirekebisha chenyewe huificha hitilafu kinaporekebisha dalili yake. Mchunguzi hodari hukizuia kwanza kisirekebishe, hupima, huandika, hubadilisha jambo moja tu kwa wakati, na mwishowe ndipo hufungua mkoba wa fedha.