Betri ya Kompyuta Huzeeka Hata Ikilala Kabatini

Zipo nyumba za askari mtaani Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, ambamo kompyuta ya mpakato ni mali ya kabatini. Hutolewa baba mwenye nyumba anapokuwa likizo, na hurudishwa humo anapoitwa kazini. Tangu Desemba 2007 hadi mapema mwaka 2025 askari wa Burundi walihudumu Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na tangu 2014 wengine wamehudumu Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Safari za namna hiyo huweza kufikia mwaka mzima. Kabla ya kuondoka, mwenye kompyuta huichaji hadi ijae pomoni, huizima, huifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, karibu na bati la paa. Mama watoto huachiwa agizo moja tu: asiiguse mtu yeyote.

Arudipo, huikuta haiwaki. Au huwaka, lakini chaja ikichomolewa tu, inazimika. Hapo lawama humwangukia mama na watoto, kwamba waliichezea. Mara nyingi hawana hatia yoyote. Waliitii amri, na amri yenyewe ndiyo iliyoiua betri.

Yafaa kwanza ifahamike betri hii ni kitu gani. Karibu kompyuta zote za mpakato za siku hizi hutumia betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Wataalamu watatu walioiasisi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna madini ambayo asili yake haiko mbali na Burundi. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za aina hii huchimbwa Kongo, nchi ambayo milima yake huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hewa inapotakata, ingawa machimbo yenyewe yako mbali zaidi kusini, pande za Kolwezi.

Betri ya namna hiyo haipumziki. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, dawa zilizomo ndani huendelea kulana polepole, na kila siku ipitayo huondoa sehemu ndogo ya uwezo wake. Mambo mawili huuharakisha uharibifu huo: joto, na betri kujaa sana. Yakikutana mawili hayo juu ya kabati, chini ya bati, kwa miezi kumi na miwili, hasara huwa kubwa.

Vipimo vinavyotajwa sana na mafundi wa betri vyaonyesha hivi. Betri ikiwekwa mwaka mmoja ikiwa imejaa asilimia 100, mahali penye nyuzi joto 25 za sentigredi, hubakiwa na asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Ikiwekwa mahali hapo hapo ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiwa na asilimia 96. Joto likipanda hadi nyuzi 40, iliyojaa hubaki na asilimia 65, na yenye asilimia 40 hubaki na 85. Kwa mwenye kompyuta iliyokuwa ikidumu saa nne, maana yake ni kwamba ile iliyojazwa na kuwekwa penye joto kali itadumu saa mbili na nusu na ushei, na ile iliyowekwa nusu mahali pa wastani itakaribia saa tatu na dakika hamsini. Uwezo uliokwisha potea kwa njia hiyo haurudi, hata betri ikichajiwa usiku kucha.

Basi anayekwenda safari ndefu na aitumie kompyuta yake mpaka chaji ifike kati ya asilimia 40 na 50, kisha aizime kabisa. Kuifunga mfuniko peke yake hakutoshi, kwani kompyuta nyingi huwa zimelala tu na huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Kuiacha betri ikiwa tupu nako ni hatari, pengine kupita kuijaza. Betri hupoteza chaji yake yenyewe, asilimia chache kila mwezi, na ile iliyoanza safari ikiwa na asilimia tano yaweza kushuka chini ya kiwango ambacho mlinzi wake wa ndani hukata mawasiliano na kuikataa chaja. Fundi anayejitolea kuifufua kwa nguvu betri ya namna hiyo akataliwe kwa adabu, maana shaba iliyoyeyuka ndani yake yaweza kuzusha shoti na moto.

Mahali pa kuiweka pachaguliwe kwa akili. Bujumbura iko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 29 au 30 kwa urahisi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani huzidi sana hapo. Rafu ya chini ya kabati, katika chumba kisichopigwa na jua la alasiri, ni bora kuliko juu yake. Mwenye wazazi Gitega, mji ulio juu ya mita 1,500 hivi, ana mahali bora zaidi, iwapo watoto wa huko hawaipendi michezo ya kompyuta. Jokofu halifai, kwa sababu ya umande unaoingia ndani ya mashine itolewapo.

Na yule anayebaki nyumbani apewe kazi badala ya katazo. Kila miezi mitatu mama watoto aiwashe kompyuta, atazame kiasi cha chaji, na ikiwa imeshuka karibu na asilimia 20 airudishe mpaka 50, kisha aizime. Watengenezaji wengine husema miezi sita yatosha, lakini kwa hali ya joto ya kando ya ziwa miezi mitatu ni hesabu ya salama. Kazi yenyewe haizidi saa moja.

Kwa wanaoitumia kompyuta kila siku, hatari ni ile ile ya joto na kujaa. Mashine isiwekwe juu ya godoro au mto, kwani matundu yake ya hewa huzibwa. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuizuia chaji isipite asilimia 80, na anayefanya kazi mezani akiwa amechomeka chaja kutwa nzima afadhali autumie. Umeme wa Regideso unapotarajiwa kukatika usiku, si kosa kuijaza kabisa. Betri ilinunuliwa itumike, na kuijaza kwa usiku mmoja hakuidhuru kama kuiacha imejaa kwa miezi.

Wazee wa jeshi waliobeba redio za upepo wanakumbuka fundisho jingine: betri imalizwe kabisa ndipo ichajiwe. Fundisho hilo lilikuwa la betri za nikeli na kadmi, na kwa hizo lilikuwa na maana. Betri ya lithiamu hailihitaji. Kuimaliza kila mara huichosha upesi zaidi.

Dalili moja haihitaji mjadala. Kibao cha herufi kikiinuka, au mfuniko ukikataa kufunga sawasawa, huenda betri imevimba. Izimwe, isichajiwe tena, isitobolewe wala kubanwa, iwekwe mbali na watoto na vitu vya kuwaka, na ipelekwe kwa fundi anayejua kuitoa. Picha na barua hazimo ndani ya betri. Ziko kwenye diski, na kwa kawaida husalimika betri ikibadilishwa.

Mnunuzi wa betri mpya naye atazame tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyolala dukani miaka mitatu katika joto si mpya, hata kama karatasi yake haijachanwa. Ikiwa na chaji kidogo inapofunguliwa, asidhani ameuziwa mbovu: tangu Aprili 2016 kanuni za usafiri wa anga zimetaka betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo ya ndege zisizidi chaji ya asilimia 30.