Kabla ya kumpeleka mtoto kwa fundi

Mzazi wa Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, akikaa na mwenzake kuzungumza habari za mtoto aliyefikisha miaka 15, njia zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni kariyeri, yaani machimbo. Ya pili ni kuvumilia minervali, yaani karo, hadi mtihani wa Exetat wa kumaliza sekondari. Ya tatu hutajwa mwisho, tena kwa kukata tamaa: “Basi akajifunze hata ufundi.” Ufundi umefanywa chumba cha uani, pa kumweka mtoto aliyeshindwa darasani. Wapo pia wanaousifu kupita kiasi, hasa siku za kufunga mafunzo, wakati hotuba ni nyingi: fundi halali njaa, ujuzi hauporwi, vita vikija unakimbia na mikono yako. Hawa wa pili ninawaogopa zaidi, kwa sababu wanamfanya kijana achague bila kupiga hesabu.

Tuanze na kariyeri, maana ndiyo inayoshindana na kila shule na kila atelye. Vilima vya Rubaya, humo humo Masisi, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayotoa tantali ya kutengenezea vipuri vya simu na kompyuta. Kijana anayebeba mifuko ya mchanga huko anaweza kurudi jioni na pesa mkononi. Hakuna mwalimu wa useremala anayeweza kumwahidi hivyo. Ukimwambia kwamba udongo huporomoka mvua ikinyesha, atakujibu kwamba ameshauona ukiporomoka. Ukimwambia kwamba sheria haimpi kadi ya mchimbaji mtu asiyefikisha umri wa utu uzima, atakucheka.

Kinachofaa kumwambia ni kwamba funguo za kariyeri haziko mikononi mwa anayechimba. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Kwa muda wa nusu mwaka, aliyejua kuchimba tu hakuwa na kazi halali. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na kodi zikahamia kwao. Wenye mashimo, wale wanaoitwa PDG, na wanunuzi hubadilika, lakini mbebaji wa mifuko hubaki chini kabisa, bila ujuzi wa kupeleka mahali pengine.

Jirani na Masisi, huko Walikale, kuna mfano unaoeleza zaidi. Kasiterite ya Bisie, yaani madini ya bati, iligunduliwa mwaka 2002, na maelfu ya watu wakaingia msituni na nyundo na tindo. Mizigo ilibebwa mgongoni hadi Ndjingala, kisha ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara yenyewe pale Kilambo kuichukua kwenda Goma. Leo mlima uleule unachimbwa kwa mitambo chini ya ardhi na kampuni ya Alphamin, iliyoanza uzalishaji mwaka 2019 na kutoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Mgodi wa namna hiyo hautafuti mtu wa tindo. Unatafuta fundi umeme, mekanika wa mashine nzito, mchomelea vyuma na mwendesha mtambo wa kutoboa miamba. Waliozaliwa kando ya mlima bila ujuzi huo huwatazama wageni wakipita na kofia ngumu. Hata hivyo, nisiwadanganye: Machi 2025, M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale-centre, mgodi ulisimamisha kazi kwa wiki kadhaa.

Na shule je? Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na vijijini chaguo ni chache. Pedagojia, yaani mkondo wa ualimu, imeenea kwa sababu haidai kitu zaidi ya ubao, chaki na mwalimu. Ufundi mitambo unadai karakana. Matokeo yake ni vijana wengi wenye diploma ya ualimu, na walimu wengi waitwao NU, wasiofikiwa na mshahara wa serikali, wanaoishi kwa michango ya wazazi. Mzazi anayeona diploma ni salama kuliko ufundi amuulize kwanza mwalimu wa NU.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Chukua jibini la Masisi, ambalo sokoni Goma wanaliita fromaji. Chanzo chake katika vilima hivi huhusishwa na mapadri na watawa wa Kibelgiji. Watawa Watrapisti wa abasia ya Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto huku Masisi mwaka 1954. Maziwa ya asubuhi huchujwa kwa kitambaa na kupashwa moto hadi nyuzi 32 hivi, joto ambalo mkono ukitiwa hausikii baridi wala moto. Hutiwa kimeng'enya, chombo hufunikwa, na baada ya nusu saa au zaidi maziwa yameganda. Fundi huingiza kisu kwa mlalo na kuinua taratibu: mpasuko ukiwa safi na maji yake yakiwa na rangi ya manjano-kijani, wakati wa kukata umefika; ukimeguka ovyo, anangoja. Hukata vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, hukoroga, humwaga sehemu ya maji na kuongeza ya moto. Kisha vipande huingia katika kalibu, hukandamizwa, hulowekwa katika maji ya chumvi, na jibini hukaa rafuni wiki kadhaa huku likigeuzwa na kupanguswa. Lita 10 hutoa kilo 1 hivi. Maziwa yakiwa machafu jibini huvimba rafuni, na hasara huonekana wakati mfugaji ameshalipwa na ameshaondoka.

Kazi hiyo inadai jicho, pua na subira kuliko nguvu. Ubaridi wa vilima unamwondolea fundi gharama ya friji, na mteja yupo Goma. Kwa kijana anayependa usafi na hesabu ni ufundi mzuri sana. Lakini vita vya miaka ya 1990 viliteketeza sehemu kubwa ya mifugo ya Masisi, na watawa wa Mokoto wenyewe walilazimika kuondoka mwaka 1996. Hata katika vita vya baadaye, aliyekimbia kutoka vilimani hadi kambi ya wakimbizi ya Bulengo au Lushagala, kando ya Goma, alifika na mikono yake, ng'ombe hawakufika. Ujuzi wake haukuporwa, ila haukuwa na maziwa.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza ni hili: ufundi huu unategemea nini? Mwashi anahitaji mwiko, timazi, uzi na pimamaji, vyote vinaingia katika mfuko mmoja, na kila watu wanaporudi kijijini ukuta wa kwanza unamngoja yeye. Mchomelea vyuma anahitaji umeme. Pasipo na waya lazima awe na jenereta, na mafuta yakipanda faida yake inaungua. Seremala wa Walikale amezungukwa na mbao nzuri, lakini kabati lake haliwezi kufika Goma kwa barabara ile, kwa hiyo anategemea wanunuzi wa karibu, ambao ni wachache. Mwenzake wa Masisi ana mikaratusi na ana soko la tshukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichojengewa sanamu Goma. Watu hudhani ni kazi ya kubahatisha. Jaribu kuchonga gurudumu la mbao lililo duara kamili, ulivishe mpira wa tairi kuukuu, kisha uweke beringi kati bila kulipasua, halafu chombo kishuke mlima na magunia ya viazi juu yake.

Cherehani ndiyo inayofundishwa karibu kila kituo, kwa sababu ni rahisi kuinunua na wafadhili wanapenda kuipiga picha. Kabla ya kumwandikisha binti, mama aende sokoni siku ya soko ahesabu cherehani zilizolala na zinazofanya kazi. Wakati huohuo pikipiki ziko kila senta ya biashara, na wasichana hawaalikwi kuzitengeneza, ingawa kurekebisha kabureta hakuhitaji misuli. Paneli ndogo za jua nazo zimeenea kuliko watu wanaojua kupima waya na betri zinazolingana nazo.

Swali la pili ni la muda. Mafunzo ya miezi 6 humfundisha kijana majina ya vifaa na kumwondolea woga wa kuvishika. Ufundi wenyewe huja baadaye, akiwa mbele ya mteja anayelalamika. Goma kuna Don Bosco Ngangi na kuna INPP, taasisi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko anaweza kupata cheti na mashine ambazo kijiji hakina. Walio mbali wanabaki na fundi wa senta. Humo hatari ni kijana kufagia na kushika mbao miaka 2 bila kufundishwa chochote. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inautambua mkataba wa uanagenzi, kwa hiyo andikeni hata ukurasa mmoja mbele ya shahidi: atafundishwa nini kila kipindi, ataanza kulipwa lini, na akitumwa kuchota maji nyumbani kwa fundi, mara ngapi.

Mwisho kuna kile kisanduku cha vifaa kinachogawiwa siku ya kuhitimu. Vingi huuzwa, na watu huwalaumu vijana. Cherehani moja ikipewa wahitimu watatu wanaoishi vijiji tofauti, kuiuza na kugawana pesa ndiyo hesabu pekee inayowezekana. Mzazi aulize mapema kisanduku ni cha mtu mmoja au cha kundi, na kama ni cha kundi, vifaa vitalala nyumbani kwa nani.