Mwalimu wa Kiingereza Hufundwa Wapi?

Anayejiunga na chuo ili awe mwalimu wa Kiingereza wa sekondari haingii mikono mitupu. Kwa mfumo wa miaka saba, minne na miwili ambao wengi wamepitia, amekaa darasani miaka 13 akiwatazama walimu: wanavyoingia, wanavyoandika tarehe ubaoni, wanavyouliza, wanavyomkaripia aliyekosa. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliliandika jambo hili mwaka 1975. Alikadiria kwamba kijana wa nchi yake humaliza sekondari akiwa amekaa na walimu kwa saa 13,000 hivi. Chuo gani kitashindana na saa hizo? Ila uanagenzi huo una kasoro: mwanafunzi humwona mwalimu akitenda, hamwoni akiamua. Analisikia swali, hajui kwa nini limeulizwa hilo na si lingine.

Kwa somo la Kiingereza, urithi huu ni mzito zaidi hapa Tanzania. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akifika Kidato cha Kwanza, hesabu, baiolojia na historia zote zinamgeukia kwa lugha nyingine. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba kwa walio wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Waliovuka hata hivyo wakafika chuoni, wengi wao walivuka kwa kunakili notisi na kuzikariri. Njia iliyokuvusha huwezi kuidharau. Ukikabidhiwa chaki, utawavusha wengine kwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mafunzo ya ualimu ni kubomoa, na hapo ndipo vyuo vyetu vinapopwaya. Mwanachuo hupewa fonolojia, sintaksia na nadharia za fasihi kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili hupewa saikolojia, falsafa ya elimu na mbinu za kufundishia. Yote yana maana. Lakini Lee Shulman, katika makala yake ya mwaka 1986, alionyesha kuna ujuzi wa tatu usiopatikana kwa kujumlisha pande hizo mbili: kulijua somo kwa jinsi linavyomtatiza anayejifunza.

Chukua sentensi hii, ambayo mwalimu yeyote wa Kidato cha Pili ameshaisahihisha mpaka kuchoka: “The book which I read it is good.” Mwalimu hukata neno “it” kwa wino mwekundu, akapita. Kesho linarudi. Limetoka wapi? Limetoka katika “kitabu nilichokisoma”, ambamo -ki- ya yambwa imekaa mahali pake bila kosa lolote. Mtoto hakubahatisha. Amefuata sheria, ila ni sheria ya lugha nyingine. Vivyo hivyo “My father he digs”: katika “baba analima” kiambishi a- hakidondoki hata kama baba ametajwa, basi na “he” naye anabakizwa. S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani. Mwalimu anayeijua asili ya kosa huweka sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akauliza darasa ni kipande gani kimepotea njiani. Dakika tano hizo zina faida kuliko wino wa muhula mzima.

Kwa maoni yangu, sarufi ya Kiswahili ingekuwa kozi ya lazima kwa kila anayesomea kufundisha Kiingereza. Mwanachuo wetu huchagua masomo mawili ya kufundishia. Aliyeoanisha Kiingereza na jiografia anaweza kuhitimu bila kuitazama sentensi ya Kiswahili kwa jicho la mtaalamu hata siku moja, ilhali ndiyo lugha wanayoitumia kufikiri wanafunzi wake. (Na hapo sijamgusa mtoto aliyeanza na Kisukuma au Kimakonde nyumbani.)

Jambo la pili la kubomoa ni namna ya kuuliza. John Sinclair na Malcolm Coulthard walichunguza mazungumzo ya darasani Uingereza, na mwaka 1975 wakaeleza mwenendo wake: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu. Sisi tumeufupisha zaidi. “Are we together?” “Yes!” Kiitikio hicho huimbwa na walioelewa, wasioelewa na waliosinzia. Hata swali la kweli likiulizwa, halipewi nafasi. Mary Budd Rowe, aliyerekodi vipindi vya sayansi Marekani, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Kwa mtoto anayetunga jibu kwa Kiswahili kwanza, kisha analivusha, sekunde tatu ni chache mno. Lakini mwambie mwanachuo anyamaze hivyo mbele ya mkufunzi aliyekaa nyuma na fomu ya alama! Ataona atadhaniwa amesahau somo.

Mazoezi ya darasa dogo yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960 yangefaa hapa: unafundisha dakika chache, unazoeza stadi moja tu, unajadiliwa, unarudia. Kwetu mara nyingi hufanywa mbele ya wanachuo wenzako wanaojifanya Kidato cha Kwanza. Majibu wanayo tayari, tena kwa Kiingereza sanifu, kwa kuwa nao kesho zamu yao inafika. Mazoezi yanakwenda vizuri kupita kiasi.

Kisha mwanachuo anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, maarufu kama BTP (Block Teaching Practice), na hesabu inabadilika. Kipindi kina dakika 40. Darasa la wanafunzi 80, mwalimu akikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, lingempa kila mtoto nusu dakika ya kuzungumza. Na mwalimu hakai kimya. Michael West, aliyefanya kazi Bengali kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1960 kitabu kizima kuhusu kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu ya namna hii, na bado sijaona kilichokipita kwa kulijali darasa lililofurika. Njia ni kuwagawa: dakika kumi za wawili wawili humpa kila mmoja dakika tano, mara kumi ya nusu dakika ile. Huhitaji kusogeza dawati hata moja, wa mbele wanageuka nyuma tu. Tatizo ni kelele. Mkuu wa shule atapita dirishani kuona kuna nini, na mwanachuo asiyeandaliwa kwa ziara hiyo ataurudisha ukimya, na ubao, na notisi. Chuo kimfundishe kutoa agizo fupi, kuweka muda, kuchagua jozi tatu zitakazoripoti, na kumweleza mkuu mapema.

Kusahihisha nako kuna hesabu yake. Madaftari 80 kwa dakika tatu kila moja ni saa nne, kwa mkondo mmoja. Aliyefundwa vema huchagua kosa moja la wiki, akasahihisha hilo tu.

Fasihi imeumizwa kuliko yote. Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala ni kitabu chepesi, ambacho mtoto wa Kidato cha Pili akisaidiwa kidogo anaweza kukimaliza mwenyewe na kufurahi kwamba amesoma kitabu cha Kiingereza. Darasani kinageuzwa orodha ya dhamira na wahusika ubaoni, nayo inanakiliwa. Lakini usimlaumu mwanachuo kabla ya kumuuliza ni vitabu vingapi vya Kiingereza amevisoma kwa hiari yake. Vyuo vingempa muda wa kusoma katika ratiba, vikambana kwa mazungumzo badala ya mtihani, angekuwa na cha kuwaambukiza wengine.

Fomu za BTP huuliza kama kuna azimio la kazi, andalio la somo, zana. Bango kitita lililochorwa vizuri hupata alama zake. Ningeongeza safu moja: wanafunzi wangapi tofauti wametamka sentensi nzima ya Kiingereza, mmoja mmoja, si kwa kiitikio. Mkufunzi akae pembeni mwa darasa, azione nyuso, ahesabu. Na kwa walioajiriwa tayari, vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vinavyowakutanisha walimu shuleni vinatosha kwa kazi hiyo. Mwalimu mmoja aweke simu mezani, arekodi sauti ya kipindi chake cha Kiingereza, wenzake waisikilize wiki ile ile wakiwa na saa mkononi: mwalimu amesema dakika ngapi, baada ya kila swali amesubiri sekunde ngapi. Wakianza na kipindi cha mkuu wa idara, walimu wapya wataleta vyao bila kusukumwa.